Jinsi ya Kuiandaa Maktaba ya Chuo cha Theolojia kwa Ukaguzi wa Ithibati

Barua ya ukaguzi ikishafika, kikao cha kwanza chuoni huanza na swali moja: tuna vitabu vingapi? Swali hilo si la ajabu. Kwa miaka mingi vyombo vya ithibati, yaani vile vinavyothibitisha ubora wa vyuo, vilizipima maktaba kwa hesabu tupu: vitabu kadhaa, viti kadhaa, majarida kadhaa. Siku hizi mkazo umehamia kwingine. Mkaguzi anataka kujua vitabu hivyo vinafanya kazi gani katika masomo, na nani anajua kuwa vinafanya kazi hiyo. Ndiyo maana chuo chenye rafu zilizojaa hadi darini kinaweza kuandikiwa upungufu, na jirani yake mwenye nusu ya vitabu hivyo akapita.

Mwongozo huu unawalenga mkutubi na mkuu wa taaluma wenye mwaka mmoja hivi wa kujiandaa. Kama iliyobaki ni miezi mitatu, anzeni na hatua ya 3 na ya 7, nyingine zitasubiri.

Hatua ya 1: Someni viwango vyenyewe

Msitegemee kumbukumbu za ukaguzi uliopita, kwa kuwa viwango hubadilika. Jumuiya ya vyuo vya theolojia ya Marekani na Kanada, ATS, iliyoanza mwaka 1918, ilipitisha viwango vipya mwaka 2020. Kiwango cha sita ndicho cha maktaba na huduma za taarifa, na humo hamna idadi ya vitabu ambayo chuo kinatakiwa kufikisha. Upande wa vyuo vya kiinjili kuna ICETE, mwavuli ulioundwa mwaka 1980 kuunganisha vyombo vya kanda mbalimbali za dunia, kikiwamo ACTEA cha Afrika kilichoanza mwaka 1976. Vitivo vya kikanisa vya Kikatoliki vinafuata katiba ya kitume Veritatis Gaudium, iliyotiwa saini na Papa Fransisko Desemba 2017. Inadai kila kitivo kiwe na maktaba inayotosheleza mahitaji ya walimu na wanafunzi, iliyopangwa vizuri na yenye katalogi (orodha ya vitabu vyake) inayofaa. Ubora wa vitivo hivyo hufuatiliwa na AVEPRO, chombo cha Vatikani kilichoundwa mwaka 2007.

Vyuo vingi vina mabwana wawili: chombo cha kitheolojia na mamlaka ya serikali inayosimamia elimu ya juu. Mamlaka za serikali mara nyingi bado zinapenda hesabu, kama vile uwiano wa vitabu au viti kwa mwanafunzi. Chombo cha kitheolojia kinapenda ushahidi wa matumizi. Tengenezeni jedwali moja la viwango vya pande zote mbili, kisha kila sentensi ya kiwango muipe alama: inadai kitu (chumba, vitabu, mtu), inadai sera iliyoandikwa, au inadai ushahidi kwamba jambo linafanyika? Mtagundua haraka kwamba vitu mnavyo, sera ziko nusu, na ushahidi karibu haupo.

Hatua ya 2: Mkutubi aingie kwenye vikao vya taaluma

Viwango huuliza kama mkutubi ana sifa za kitaalamu na kama ana sauti katika maamuzi ya kitaaluma. Hili la pili ndilo linaloangusha vyuo. Programu mpya ya shahada ya uzamili hubuniwa, hupitishwa na kutangazwa, halafu mkutubi husikia habari hizo kwenye ibada ya asubuhi. Vitabu vitatoka wapi?

Dawa yake haina gharama. Mkutubi apewe kiti katika baraza la taaluma, na fomu ya kupendekeza kozi au programu mpya iwe na sehemu anayojaza yeye: vyanzo vilivyopo, vinavyokosekana, na makadirio ya gharama za kuvipata. Bila saini yake pendekezo lisiingie kikaoni. Undeni pia kamati ya maktaba yenye wahadhiri na angalau mwanafunzi mmoja, na ikutane kweli. Kamati ambayo mihutasari yake yote iliandikwa wiki moja kabla ya ukaguzi hujulikana kwa macho tu.

Hatua ya 3: Anzeni na mtaala, rafu zifuate

Hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Chukueni maelezo ya kozi zote za programu inayokaguliwa. Kwa kila kozi orodhesheni vitabu vya lazima na vya ziada, kisha mtafute kimoja kimoja kwenye katalogi na tena kwenye rafu. Msiruke rafu, kwa sababu katalogi huendelea kusema kitabu kipo miaka mingi baada ya kitabu kuondoka na mtu. Tumieni alama nne: kipo, kipo ila toleo ni la zamani, kipo kielektroniki, hakipo kabisa.

Matokeo huja kwa sura mbili. Ya kwanza inatarajiwa: wahadhiri wanadai vitabu ambavyo maktaba haina. Ya pili huwashtua watu: wahadhiri wanadai vitabu walivyosomea wao wenyewe, ambavyo havichapishwi tena, huku vipya vya somo lile lile vikilala rafuni bila kuazimwa hata mara moja. Hapo maktaba haina kosa, ila ndiyo yenye takwimu, kwa hiyo ndiyo ianze mazungumzo. Ianze kwa upole. Mpeni kila mhadhiri karatasi moja ya vitabu vipya vya fani yake kabla muhula haujaanza, na mwombeni achague viwili vya kuingiza kwenye orodha yake. Mhadhiri akiitwa kikaoni kuambiwa orodha yake imechakaa atajitetea. Akipewa karatasi atasoma.

Baada ya kozi, nendeni kwenye tasnifu na insha ndefu za mwaka uliopita. Chukueni bibliografia zake na mhesabu: vyanzo vingapi vinapatikana kwenye maktaba yenu, vingapi vilitoka mtandaoni, vingapi ni majarida ya kitaaluma, vingapi vina umri wa zaidi ya miaka thelathini? Zoezi hili linasema ukweli kuliko dodoso lolote la kuridhika, maana mwanafunzi anayejaza dodoso anataka kuwa mwema. Bibliografia haina haya. Tasnifu kuhusu uchungaji wa wafiwa ikiwa imejengwa juu ya kurasa za mahubiri ya mtandaoni tu, ama maktaba haina vitabu vya ushauri wa kichungaji, ama vipo na msimamizi hakumtuma mwanafunzi kuvitafuta. Yote mawili yanahitaji jibu kabla mkaguzi hajauliza.

Kipimo cha tatu ni cha theolojia peke yake. Andikeni majina ya vitabu vyote vya Biblia, 66 kwa Waprotestanti au 73 kwa Wakatoliki, na mbele ya kila jina muandike idadi ya vitabu vya ufafanuzi vya kiwango cha kitaaluma mlivyonavyo, pamoja na mwaka wa toleo jipya zaidi. Nina hakika Yohana, Warumi na Mwanzo vitakuwa vimefurika. Angalieni Nahumu, Ezra, na waraka wa Yuda. Hapo mtakuwa na mpango wa ununuzi wa ukurasa mmoja, unaoeleweka hata na mhasibu.

Rudieni zoezi hilo kwa fani nyingine. Rafu ya historia ya kanisa ndiyo inayosema mengi. Je, inaanza Roma, inapita Wittenberg ya Luther mwaka 1517 na kuishia London? Makanisa ya kale ya Misri, Ethiopia, Siria na India yako wapi? Suala hili ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mfuko wa Elimu ya Theolojia, uliozaliwa katika mkutano wa Baraza la Kimataifa la Wamisionari nchini Ghana, ulioanza Desemba 1957 na kumalizika Januari 1958, ulitumia sehemu ya fedha zake kujaza vitabu katika maktaba za vyuo vya Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Mwaka 1972, chini ya mkurugenzi wake Shoki Coe, mwanatheolojia wa Taiwan, mfuko huohuo ulikuwa unasisitiza kuwa theolojia lazima ijibu mazingira ya watu wanaoifanya. Vitabu vilitangulia, swali la theolojia hiyo ni ya nani likafuata. Wakaguzi wa leo huuliza yote mawili kwa pamoja, kwa hiyo tafuteni pia maandishi ya wanatheolojia wa kwenu, vijitabu vya makanisa, na tasnifu za wahitimu wenu.

Hatimaye pimeni kwa ngazi. Kinachomtosha mwanafunzi wa cheti hakimtoshi wa uzamili. Uzamivu unahitaji majarida yasiyokatika, vitabu vya utafiti, na mara nyingi vyanzo vya lugha nyingine kama Kijerumani na Kifaransa. Kwa maoni yangu chuo kisichoweza kuvipata, hata kwa mkataba na maktaba kubwa zaidi, kisiombe ithibati ya uzamivu. Kukataliwa kwa sababu ya maktaba huharibu sifa ya chuo kizima, si ya idara moja.

Hatua ya 4: Pembueni rafu, kisha dhibitini misaada

Maktaba za theolojia hukua kwa misaada. Mchungaji anastaafu, familia inaleta masanduku. Chuo cha ng'ambo kinafunga, kontena linafika. Hakuna anayethubutu kukataa, na baada ya miaka ishirini nakala tisa za ibada za kila siku za miaka iliyopita zinagombea nafasi na kamusi ya Kigiriki.

Katika theolojia umri wa kitabu hauwi kosa wenyewe. Agostino, Krisostomo na Kalvini hawaondolewi kwa kuzeeka; mkaguzi akiwakosa atashangaa. Kinachozeeka ni vitabu vinavyotegemea utafiti. Kitabu cha mazingira ya Agano Jipya kilichochapwa mwaka 1930 hakiwezi kujua maandiko ya kale ya Nag Hammadi, Misri, yaliyopatikana mwaka 1945, wala magombo ya Bahari ya Chumvi yaliyoanza kupatikana Qumran karibu mwaka 1947. Vitabu vya saikolojia ya ushauri, mbinu za ufundishaji na sosholojia huchakaa mapema zaidi. Na kozi ya ufafanuzi wa Agano Jipya ikitumia matini ya Kigiriki, hakikisheni toleo la 28 la Nestle-Aland, la mwaka 2012, lipo kwa nakala za kutosha darasa. Matoleo ya zamani yabaki kwa mlinganisho.

Andikeni sera ya mkusanyiko ya kurasa mbili tatu: tunanunua nini, kwa ngazi gani, nani anaamua, tunaondoa nini na kwa utaratibu upi, na misaada inapokelewa kwa masharti gani. Sharti la maana kuliko yote ni kwamba maktaba ina uhuru wa kutoingiza rafuni kitabu ilichopewa. Mfadhili aambiwe mapema, na barua ya shukrani iseme hivyo. Vinavyoondolewa viorodheshwe na kamati itie saini, kwa maana siku moja mtu atauliza vilikokwenda.

Hatua ya 5: Katalogi

Hapa sitakaa sana. Chagueni mfumo mmoja wa kupanga na msiubuni wenyewe. Mfumo wa Dewey, uliotoka mwaka 1876, umeipa dini namba 200 hadi 299: Biblia iko 220, theolojia ya Kikristo 230, historia ya kanisa 270, na dini nyingine zote zimebanwa 290, Uislamu ukiwa 297. Upendeleo wake unaonekana waziwazi, na chuo chenye masomo mengi ya dini nyingine kitaumia. Mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani unatumia herufi, BS kwa Biblia, BT kwa mafundisho ya imani, BV kwa theolojia ya matendo, BX kwa madhehebu, nao unapumua vizuri zaidi mkusanyiko ukiwa mkubwa. Kuhama kutoka mmoja kwenda mwingine mwaka wa ukaguzi ni wazimu.

Kuhusu programu ya maktaba, Koha ni ya bure. Ilianza kutumika New Zealand mwaka 2000 na leo inatumika duniani kote. Inahitaji mtu anayeweza kuitunza seva, au mkataba na anayeweza. Taarifa za vitabu msiziandike upya moja baada ya nyingine. Zivuteni kutoka katalogi za maktaba kubwa zilizo wazi, kisha mrekebishe. Vya kwenu pekee, yaani tasnifu, vijitabu na nyaraka za kanisa, ndivyo mtakavyoviandikia kwa mkono, navyo ndivyo ambavyo hakuna maktaba nyingine itakayowafanyia.

Hatua ya 6: Vyanzo vya kielektroniki

Ukurasa wenye viungo hamsini vya tovuti hauhesabiki kuwa mkusanyiko. Mkaguzi atauliza: mwanafunzi aliye mbali na chuo anaingiaje? Na atataka kumwona mmoja akiingia.

Hifadhidata kuu ya majarida ya theolojia ni ile ya Atla, jumuiya ya maktaba za theolojia iliyoundwa Marekani katika miaka ya 1940, na hupatikana kwa malipo. Kabla ya kusema hamwezi kuimudu, ulizeni kama kuna muungano wa maktaba mnaoweza kulipia pamoja. Kwa bure, anzeni na Index Theologicus ya Tübingen, faharasa pana ya makala na vitabu vya theolojia; kisha maktaba ya mtandaoni ya Globethics, na saraka za vitabu na majarida huria, DOAB na DOAJ. Internet Archive ina vitabu vingi ambavyo hakimiliki yake imekwisha. Tofautisheni faharasa na matini kamili: faharasa humwambia mwanafunzi makala ipo wapi, si lazima impe makala yenyewe. Mwanafunzi asiyefundishwa tofauti hiyo hukata tamaa siku ya kwanza na kurudi kwenye injini ya kawaida ya utafutaji.

Neno moja kuhusu ile diski inayozunguka kimyakimya chuoni ikiwa na maelfu ya vitabu vilivyoskaniwa. Kila mtu anaijua. Isiwe kwenye kompyuta za maktaba, isitajwe kwenye ripoti kama sehemu ya mkusanyiko, na wahadhiri wasiisambaze darasani. Viwango vya ithibati vinagusa uadilifu wa taasisi, na ukiukaji wa hakimiliki ulioandikwa kwa fahari kwenye ripoti rasmi ni kujichongea.

Hatua ya 7: Kusanyeni ushahidi, na mfunge mzunguko

Mali bila daftari hupotea bila habari, na kazi nzuri ya mkutubi nayo vilevile. Anzeni leo kuandika: vitabu vilivyoazimwa kwa mwezi na kwa fani, vilivyotumika humohumo ndani (acheni wasomaji waviache mezani, mvihesabu kabla ya kuvirudisha), watu walioingia, maswali yaliyoulizwa, na matumizi ya vyanzo vya kielektroniki kama wachapishaji wanavyoyaripoti.

Ushahidi wenye uzito mkubwa ni wa ufundishaji. Saa moja ya kuwatembeza wanafunzi wapya kati ya rafu haitoshi. Kubalianeni na mhadhiri wa kozi moja ya mwaka wa kwanza: mkutubi afundishe vipindi viwili vya kutafuta, kupima na kunukuu vyanzo, kazi ya kozi idai vyanzo hivyo, na bibliografia zipimwe kwa vigezo vilivyoandikwa. Pimeni tena mwaka wa mwisho. Bibliografia mbili za mwanafunzi yuleyule, moja ya mwanzo na moja ya mwisho, majina yakiwa yamefutwa, zinamweleza mkaguzi mengi kuliko kurasa kumi za maelezo.

Lakini takwimu pekee hazitoshi. Kinachotafutwa ni mnyororo: tuliona nini, tukaamua nini, tukatenda nini, kikabadilika nini. Kwa mfano: tasnifu zilionyesha upungufu wa vyanzo vya Agano la Kale; kamati ikatenga fedha; vitabu vikanunuliwa na wahadhiri wakaviingiza kwenye kozi; mwaka uliofuata uazimaji wa fani hiyo ukapanda. Minyororo mitatu ya aina hiyo, kila mmoja ukiwa na nyaraka zake, ina nguvu kuliko jedwali la hesabu za miaka kumi.

Bajeti nayo ionekane. Maktaba iwe na fungu lake, ununuzi wa vitabu ukiwa mbali na mishahara, na muonyeshe kilichotengwa na kilichotumika kweli kwa miaka mitatu hadi mitano. Fungu likiwa sifuri mwaka fulani kwa sababu ada zilichelewa, elezeni. Kuficha ni kubaya zaidi, kwa sababu wakaguzi hupata pia hesabu zilizokaguliwa.

Hatua ya 8: Siku za ziara, na baada yake

Fanyeni majaribio kabla. Mtu asiye wa maktaba achague vitabu vitano kutoka maelezo ya kozi, na mwanafunzi wa kawaida avitafute kuanzia katalogi hadi rafuni. Wakaguzi hufanya hivyohivyo. Huzungumza pia na wanafunzi bila viongozi kuwapo, na huuliza saa za kufungua, hasa jioni na mwisho wa juma. Wanafunzi wa masafa hupigiwa simu au huitwa kwa video. Kama mna makubaliano na maktaba nyingine, yawe ya maandishi, yenye saini na tarehe, na awepo angalau mwanafunzi mmoja aliyeyatumia. Makubaliano ambayo hayajawahi kumpeleka mtu yeyote huko hayahesabiki.

Msinunue vitabu vya haraka mwezi mmoja kabla. Vitabu vinavyong'aa, vyote vikiwa na tarehe moja ya usajili, husimulia habari yao vyenyewe.

Ripoti ikija itakuwa na mapendekezo, na huenda ikawa na masharti yenye muda. Kila moja lipewe mtu, fungu la fedha na tarehe, na liingie kwenye ajenda ya kudumu ya kamati ya maktaba. Fungueni jalada jipya siku hiyohiyo, kwa kuwa ripoti ya maendeleo itadai ushahidi ulioanza kukusanywa tangu wakaguzi walipoondoka.